Aliyemzika Kinloran

Korido ya ghorofa yetu ya tisa ilinuka vitunguu. Vilianza kukaangwa alasiri, kila mlango kwa mafuta yake na viungo vyake, na ilipofika jioni, watu wakirudi kazini na theluji kwenye viatu, harufu ile ilichanganyika na ya makoti ya sufu yaliyolowa, ya dawa ya kusafishia sakafu, na ya chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Hadi leo nikiingia jengo lolote la zamani huku Scarborough nikakutana na harufu hiyo, ninakuwa na miaka kumi tena. Nimebeba begi la shule, nimesimama mbele ya mlango wetu, nasoma kibandiko alichokibandika Baba juu ya tundu la kuchungulia: KINLORAN. Alikiandika kwa rula na kalamu nyeusi. Majirani wetu wengi hawakuandika majina milangoni, na walikuwa na sababu zao, lakini Baba alikuwa mwalimu wa historia Nyeri kabla hajawa mpakiaji wa maboksi katika ghala moja karibu na uwanja wa ndege, na mwalimu hawezi kuona kitu kisicho na jina akatulia.

Watu wa kwetu wakilisikia jina hilo walidhani Mama ameolewa na Mzungu, na Wazungu wakituona walidhani kuna karatasi zimechanganywa. Ukweli ulikuwa rahisi. Kenya mtu hubeba majina matatu: la ubatizo, la kwao, na la baba yake. Baba yangu aliitwa Stefano Mathenge Kinloran kwa sababu baba yake, yaani Babu, alibatizwa kwa jina la Kinloran. Kwao aliitwa Ndiritu. Jina hilo la tatu lilipaswa kuishia kwa Baba. Mimi ningekuwa Nyambura Mathenge, na mambo yangeendelea hivyo, kila mtoto na baba yake. Lakini fomu za uhamiaji za Kanada zilitaka jina la familia, Baba akaandika lile la mwisho kwenye pasipoti yake kama alivyoelekezwa, na tuliposhuka kwenye ndege sote watatu tulikuwa akina Kinloran: Baba, mimi, na Mama, Mtaita wa Wundanyi ambaye huyo Babu mwenyewe, aliyekufa akazikwa na Baba kabla ya harusi yao, hakuwahi kumtia machoni.

Mama hakulizoea kamwe. Alifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, na vikongwe wenye asili ya Uskoti walilisoma kwenye kitambulisho kifuani pake wakamuuliza anatoka kisiwa gani. “Nawajibu natoka Taita,” alikuwa akituambia akivua viatu mlangoni. “Wanafikiri ni kisiwa.” Alicheka, lakini kicheko chake kilikuwa kifupi. Mimi nililipenda jina lile, na sababu zangu hazikuwa nzuri. Darasani kulikuwa na watoto ambao mwalimu alipofika kwenye majina yao alisita, akakohoa, akayavunjavunja, na darasa likacheka. Kwangu hakusita. Alilitamka lote mara moja, kisha akainua macho kumtafuta Kinloran kati ya watoto weupe, na sekunde zile mbili tatu kabla sijainua mkono nilijiona nimejificha mahali salama. Sikumwambia mtu yeyote. Hata hivyo Mama alipolilalamikia jina, nilikuwa upande wa Baba, nikijifanya ninatetea ukoo.

Lazima niseme jinsi Baba alivyoyaona majina, maana bila hilo hakuna kitakachoeleweka. Kwa Wakikuyu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Mimi nimebeba jina la nyanya, kwa hiyo Baba aliniita “mama” tangu nikiwa mchanga, na kila alipotaka kunigombeza alianza kwa kuniomba radhi. Kumpa mtoto jina la mtu, kwake, kulikuwa kumrudisha mtu huyo nyumbani. Hakulisema kwa utani. Niliwahi kumwona akinitazama nikila uji, machozi yakamlengalenga, akasema nyanya naye alishika kijiko vile vile.

Na jina la Kinloran lilikuja na hadithi yake, ambayo Baba alinisimulia siku za Jumapili baada ya kanisa, sahani zikiwa bado mezani. Kinloran mwenyewe alikuwa seremala Mskoti, mtu mrefu asiye na maneno mengi, aliyekuja Nyeri na misheni kujenga shule na kufundisha vijana useremala. Hakuwa na mke wala mtoto. Babu alikuwa mwanafunzi wake: huyo Mskoti ndiye aliyemfundisha kunoa randa, kuusoma ubao kabla ya kuukata, na kutosogea kwenye mashine akiwa na hasira. Siku moja seremala yule aliugua homa, na kabla wiki haijaisha akafa. Hapo ndipo shida ilipoanza. Zamani Wakikuyu hawakuwazika watu wote. Waliozikwa ni wazee wenye heshima zao, na waliowazika ni wana wao. Wengine waliachiwa pori, na kijana aliyegusa maiti isiyomhusu alikuwa amejitia unajisi. Vijana wa misheni, pamoja na Ukristo wao mpya, walisimama mbali. Babu peke yake ndiye aliyeingia. Alimwosha mwalimu wake, akampima, akatengeneza jeneza la mwangati kwa mbao ambazo seremala alikuwa ameziweka kwa ajili ya milango ya shule, akachimba, akamshusha kaburini akisaidiwa na mchungaji. Nyumbani kwao walikataa kula naye mpaka alipotakaswa kwa mwana-kondoo. Mwaka huo huo alipobatizwa aliulizwa anataka jina gani, akasema Kinloran. Mchungaji akamwambia jina hilo halimo katika Biblia. Babu akajibu kwamba hata Ndiritu halimo, na Mungu alikuwa akimjua. Akaandikwa.

“Sasa niambie, mama,” Baba alikuwa akimalizia, “mtu akikuzika, yeye ni nani yako?”

Nilijua jibu. “Mwanao,” nilimwambia.

Msimu ninaoukumbuka ulianza mwezi wa Oktoba, barua ya uraia ilipokuja. Tulikuwa tumesubiri miaka mingi, na sasa tuliambiwa tujitayarishe, kabla ya kiangazi kijacho tungeitwa kula kiapo. Mama alifurahi, akapika wali wa nazi siku ya kazi, kisha akiwa bado na mwiko mkononi akasema kabla hatujaapa lazima tubadilishe jina. Alikuwa ameshauliza: fomu zipo, ni kujaza tu. Alitaka tuitwe Mathenge. “Tukishaapa na jina hili, wajukuu zetu watazikwa nalo,” alisema. “Na watu watauliza, hawa walikuwa watumwa wa nani?” Baba aliweka kijiko chini. Akasema jina lile halikupachikwa na bwana yeyote, Babu aliliomba mwenyewe. Mama akamjibu kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko kelele, “Baba Nyambura, wewe unawajua hao akina Kinloran. Wao wanakujua?”

Swali hilo lilikaa naye. Kwa kawaida Baba alikuwa na jibu la kila kitu, pamoja na mambo asiyoyajua. Siku tatu baadaye alimwambia Mama ampe muda hadi Krismasi. Akimpata ndugu wa seremala, hata mmoja, akamtambua, basi jina libaki. Asipompata, atatia sahihi kwenye fomu za Mama wala hatasema neno. Mama alikubali. Nadhani alikubali kwa sababu aliamini hatampata mtu.

Alimpata maktabani. Alikuwa akinipeleka kila Jumamosi, na kwenye ubao wa matangazo karibu na mlango, kati ya tangazo la masomo ya piano na la paka aliyepotea, palikuwa na karatasi ya rangi ya maziwa: mkutano wa mwaka wa familia za Kinloran, katika ukumbi wa kanisa mashariki mwa mji. Historia ya jina, maonyesho, chai. Wote wenye jina hili wanakaribishwa. Baba aliisoma, akaondoka, akarudi kuisoma tena. Alilirudia lile neno “wote” kwa sauti ya chini, na aliliamini kama linavyoaminika kwetu, ambako mtu akisema wote wanakaribishwa anaongeza sufuria jikoni.

Kwa wiki mbili alijitayarisha. Alimwandikia binamu yake Nyeri, akatumiwa picha ya kaburi: jiwe lililoegama, jina limefifia lakini linasomeka, majani yamefyekwa kwa ajili ya kupiga picha. Alichukua cheti cha ubatizo cha Babu kutoka kwenye sanduku la bati alilolivusha bahari. Na siku ya mkutano ilipofika, alivaa suti yake ya harusi na kutoa kiondo, kile kikapu cha kusukwa cha kwao, akakijaza kama mtu anayekwenda kuwatembelea ndugu ambao hajawaona siku nyingi: sukari kilo mbili, majani ya chai ya Kenya, unga wa ngano, kopo la mafuta ya kupikia, mkate. Mama alimtazama akipanga. Nilitegemea amcheke, lakini alichofanya ni kutoa vile vitu vyote, akakifuta kiondo kwa kitambaa, akavipanga upya, mkate juu usipondeke. “Huwezi kwenda kwa watu mikono mitupu,” alisema. Kisha akaenda kazini.

Tulipanda basi, tukabadilisha, tukapanda jingine. Mimi ndiye niliyebeba kiondo, kwa sababu Baba alishika bahasha ya picha na cheti kwa mikono miwili. Kilikuwa kizito, kamba ilinikata begani, na kila abiria aliyepanda nilihisi anaangalia ule mkate. Nilikuwa na umri ambao mtoto huanza kuwaona wazazi wake kwa macho ya watu wa basi. Nilikuwa ninamwonea haya Baba. Ninaliandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Ukumbi ulikuwa na joto, na ulinuka nta ya sakafu na siagi. Watu wapata arobaini, wengi wazee, walikuwa wamesimama na vikombe mikononi, wanaume wachache wamevaa zile sketi zao za sufu ya miraba. Mlangoni palikuwa na meza yenye daftari la kutia sahihi, na kando yake sanduku kubwa la kadibodi ambamo watu walidondosha makopo ya supu na paketi za makaroni kwa ajili ya maskini wa mtaa. Baba aliinama kuandika jina na anwani yetu, akichukua muda wake, kwa mwandiko ule wa ubaoni. Mama mmoja mwenye miwani alinitabasamia, akaona kiondo, akaniuliza kama hivyo vyote ni vya sanduku la maskini. Baba alikuwa hatua mbili tu kutoka kwangu. Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kusema ni zawadi, sisi ni ndugu, ndivyo tunavyofanya. Nilisema ndiyo. Akanishukuru, akasema mimi ni binti mwema, akavitoa kimoja kimoja, sukari, chai, unga, mafuta, mkate wa Mama, akaviweka juu ya makopo ya supu. Bega langu likawa jepesi, na kwa muda mfupi nilifurahi.

Ukutani palikuwa na ramani na maandishi, na Baba alinipeleka kuyasoma yote, kama alivyonifanyia katika kila jumba la makumbusho. Hapo ndipo nilipojua Kinloran lilikuwa jina la mahali kabla ya kuwa jina la watu. Katika lugha ya zamani ya milimani jina hilo lilimaanisha kichwa cha kijito, pale maji ya Loran yanapotoka ardhini, na watu walioishi hapo waliitwa kwa jina la pale. Walilima shayiri, walifuga ng’ombe wachache. Kisha mwenye ardhi aliona kondoo wana faida kuliko watu, akawaondoa, nyumba moja baada ya nyingine, na paa zikachomwa ili wasirudi. Wengine walikwenda Glasgow kutafuta kazi viwandani, wengine wakapanda meli hadi Kanada, wakapewa msitu, wakaukata, wakapanda ngano. Mstari mwekundu ulitoka kwenye kile kijito, ukavuka maji, ukaishia pale pale tuliposimama. Baba aliusoma huo ukuta kwa umakini niliouona kanisani tu. “Hawa nao walifukuzwa,” aliniambia kwa Kiswahili, polepole. “Umeona, mama? Hata wao.” Jioni nilimweleza Mama jambo hilo, naye akasema ndiyo, walifukuzwa, halafu wakaja kufukuza, na yule mwalimu wa historia asiusahau huo ukurasa wa pili. Lakini pale ukumbini Baba alikuwa na uso wa mtu aliyepata kitu.

Kitabu kilikuwa mwisho wa ukumbi, juu ya meza yake pekee. Kilikuwa kikubwa, cha jalada la ngozi, kila ukurasa una familia moja, wazazi juu na watoto chini, kwa mwandiko wa watu mbalimbali wa miaka mingi. Mtunzaji wake aliitwa Bi Elspeth, mwanamke mwembamba wa miaka sitini na kitu mwenye kalamu ya wino iliyofungwa kwa uzi shingoni. Mazungumzo yao yalikuwa ya Kiingereza. Ninayaandika kama nilivyoyashika. Baba alijitambulisha, akauliza kama kitabu kinamjua seremala Kinloran aliyekwenda Afrika na misheni. Bi Elspeth alifungua ukurasa bila kutafuta sana. Seremala alikuwemo. Chini ya wazazi wake na kaka zake wanne kulikuwa na jina lake, kazi yake, na maneno mawili matatu: alifia Afrika, hakuacha mtoto.

Baba alitoa picha ya kaburi akaiweka juu ya meza. Ninakumbuka jinsi Bi Elspeth alivyofunika mdomo kwa mkono. Familia ilikuwa haijui alipozikwa. Seremala alikuwa mdogo wa babu yake Bi Elspeth, na mama wa seremala alikufa akiuliza. Watu walisogea, wakapokezana ile picha, mwanamke mmoja akalia, mwanamume akamshika Baba mkono akautikisa mno. Baba aliwasimulia homa, jeneza la mwangati, kijana aliyemwosha. Alisimulia vizuri, kuliko alivyowahi kunisimulia. Bi Elspeth alichukua penseli akaandika pembeni ya ukurasa jina la mahali na namna ya kufika, akimwomba Baba amtajie herufi kwa herufi.

Kisha Baba akatoa cheti cha ubatizo. Akasema kijana yule alichukua jina la seremala kwa sababu kwetu anayekuzika ni mwanao, na kwa hiyo, kwa heshima, angeomba pale palipoandikwa hakuacha mtoto paandikwe Ndiritu, na chini yake Mathenge, na chini yake, akaniwekea mkono kichwani, Nyambura. Alisema kwa upole sana. Bi Elspeth alitazama cheti, akatazama ukurasa, na nina hakika mkono wake uligusa ile kalamu. Kaka yake, mzee mpana mwenye sketi, ndiye aliyejibu. Alisema ni hadithi nzuri mno, na wao wana deni la shukrani, lakini kitabu ni cha damu. Kikianza kuandika majina tu, kitaishia wapi? Hata hivyo nyuma kabisa kuna ukurasa wa marafiki wa familia, wangefurahi kutuweka huko. Baba alimgeukia Bi Elspeth. Yeye alikuwa akiangalia meza.

“Sisi si marafiki,” Baba alisema. Hakuinua sauti. Alikunja cheti kwa mikunjo yake ile ile ya zamani akakirudisha kwenye bahasha. Picha ya kaburi aliwaachia.

Tulipofika mlangoni alisimama. Mkate ulikuwa juu kabisa ya sanduku la maskini, na kiondo kilikuwa tupu chini ya meza. Aliviangalia vyote viwili kwa muda. Kituoni, tukisubiri basi kwenye upepo, aliniuliza nilimwambia nini yule mama, nami nikamwambia ukweli wote. Nilingoja aniombe radhi halafu anigombeze. Alinifunga skafu vizuri shingoni, akasema, “Basi, watu watakula.” Mwezi mzima nililia kitandani. Kwa miaka mingi niliamini kwamba kama ningesema hapana, kama vile vitu vingefika mezani kwa Bi Elspeth kama zawadi ya ndugu, kalamu ingeshuka. Sasa sidhani hivyo. Lakini kujua si dawa ya kila kitu.

Jumatatu iliyofuata Mama aliporudi kutoka kazini alikuta fomu zimejazwa mezani, sahihi ipo, kalamu imewekwa kando yake. Mama ndiye aliyeshinda, na ninakumbuka alivyokaa na koti lake mwilini akizitazama bila furaha yoyote. Alikwenda mlangoni akabandua kile kibandiko mwenyewe, kwa ukucha, taratibu, ili Baba asije kulazimika kukibandua. Tulikula kiapo mwezi wa Mei tukiwa akina Mathenge. Shuleni mwalimu alipofika kwenye jina langu jipya alisita, akakohoa. Baba hakulitaja tena jina la Kinloran, na Jumapili baada ya kanisa alianza kuosha sahani mapema.

Alifariki miaka mitano iliyopita, mwezi wa Machi, moyo. Tulimzika hapa hapa Scarborough kwa sababu Mama alisema hawezi kumsafirisha mtu aliyechoka hivyo. Katika nchi hii mazishi hufanywa na wenye kazi hiyo. Familia huweka maua kisha huondoka, na mashine humalizia. Msimamizi wa makaburi, kijana mstaarabu, aliniambia ardhi bado ni ngumu kwa baridi, akatuomba tusubiri ndani ya gari. Baba hakuwa na mtoto mwingine. Nilimwomba kijana yule sepetu. Nilichota udongo mpaka mikono ikachubuka, wanaume wa kanisa wakaja kunipokea nikawakatalia, halafu nikakubali, kwa kuwa peke yangu nisingemaliza. Pale ndipo nilipoielewa hadithi ya Babu. Kabla ya hapo nilikuwa ninaikumbuka tu.

Mwaka uliofuata barua ilifika kwa Mama, ambaye anaishi bado katika ghorofa ile ile. Iliandikwa kwa Bwana Stefano Kinloran. Bi Elspeth alikuwa na zaidi ya miaka themanini, katika nyumba ya wazee, kaka yake amekufa, mkutano wa mwaka haupo tena kwa kuwa hakuna wa kuja. Watoto wake hawakitaki kitabu. Aliwaandikia wote waliowahi kutia sahihi kwenye lile daftari la mlangoni, na karibu barua zote zilimrudia. Nilimjibu mimi. Nilipokwenda kumwona nilibeba kiondo, na safari hii nilikipeleka mpaka kitandani kwake. Nilimwambia Baba amekufa. Akasema anakumbuka suti yake. Nikamuuliza, sikuweza kujizuia, kwa nini siku ile hakuandika. “Kaka yangu alikuwa amesimama pale,” alisema. “Nilikuwa mwoga. Nimekuwa mwoga maisha yangu yote, mpenzi.” Sikumfariji. Nilimmiminia chai.

Kitabu alinikabidhi siku ile, na sasa kiko kwangu, kwenye rafu, kati ya vitabu vya shule vya binti yangu. Wananiandikia watu kutoka Australia na New Zealand, wanataka kujua walitoka wapi, nami ninawatafutia: kijito, kondoo, meli, msitu. Ninatia sahihi Nyambura Mathenge na hakuna anayeuliza. Wakati ule palikuwa na watu arobaini wa kulinda ukurasa mmoja. Leo nimebaki mimi, nisiye na jina lao wala damu yao, na ningeweza kuandika humo chochote nitakacho. Kwa miaka yote hii sikuandika kitu. Lilinitia uchungu kwamba kile Baba alichokiomba kwa suti na heshima mbele za watu, mimi nimekipata kwa sababu tu watu wameisha.

Wiki iliyopita nilimwita Mama. Alikuja kwa basi, akavaa miwani, akasoma ukurasa wa seremala kwa kidole. Nilimuuliza nifanye nini, maana ni yeye aliyelikataa jina lile. Alivua miwani, akasema, “Jina nililikataa. Baba yako sikumkataa. Andika.” Sikufuta maneno ya wenyewe, kwamba hakuacha mtoto. Nimeandika chini yake, kwa wino: Alizikwa na Ndiritu. Ndiritu alizikwa na Mathenge. Mathenge alizikwa na Nyambura. Nimeandika kwa Kiswahili. Siku kitabu kitakapokwenda mikono mingine, atakayetaka kujua hao ni akina nani itabidi aje atuulize.